Nusu Doti ya Hemedi

Kaeni. Miguu mmeikunja? Haya, ikunjueni tena, maana hadithi hii ni ya miguu.

Hemedi alikuwa mtoto wa milimani, kule Usambara. Mama yake alikuwa amekwenda kwa Bibi, juu zaidi mlimani, kujifungua.

Asubuhi moja simu ya Baba ikalia. Ngriii! Ngriii!
"Leo jioni mdogo wako anapewa jina," akasema Baba. "Na jina analo nani?"
"Ninalo mimi!" akasema Hemedi.

Kwao ilikuwa hivyo. Kaka ndiye anayemnong'oneza mtoto jina lake. Kaka asipofika, Bibi anachagua.

Lo! Bibi na majina! Mbuzi wake alimwita Ndevu. Kuku wake alimwita Kelele.

Hemedi alikuwa na jina zuri sana. Hakumwambia mtu. Hata paka hakumwambia.

Baba akavaa msuli wake wa safari. Akaukaza kiunoni, kaza!
"Vaa msuli na wewe, mwanangu. Njia ni ndefu."

"Mimi navaa jinzi yangu mpya," akasema Hemedi. "Ina mifuko minne. Mtoto aione!"
"Haya, Bwana Mifuko," akasema Baba.

Kikapuni wakatia ndizi za Bibi. Wakatia na zawadi ya mtoto: doti moja ya kanga.

Doti mnaijua? Ni kanga mbili zilizoshikana, bado hazijakatwa. Hii ilikuwa nyekundu, yenye michoro ya korosho ya manjano. Iliandikwa KARIBU MGENI WETU.

Wakaanza safari, wakiimba:
*Mguu huu, na mguu huu,
kwa Bibi ni mlimani juu!*

Msuli wa Baba ukapepea. Pepe! Pepe! Pepe!
Jinzi ya Hemedi ikakwaruza. Kwaru! Kwaru! Kwaru!

"Jinzi inasema nini?" akauliza Baba.
"Inasema iko sawa," akasema Hemedi. Mwongo huyo!

Wakafika mtoni. Baba akapandisha msuli, akavuka. Mkavu!
Hemedi akapandisha jinzi. Ikagoma. Akateleza. CHUBWI!

Mifuko yote minne ikajaa maji. Kwenye mfuko wa nyuma mlikuwa na kiluwiluwi!
"Samahani," Hemedi akamwambia, akamrudisha mtoni.

*Mguu huu, na mguu huu,
kwa Bibi ni mlimani juu!*

Kwaru-chwa! Kwaru-chwa! Jinzi ikawa nzito. Mapaja yakawaka moto.

Hemedi akakaa chini, puu! Machozi yakamtoka.
"Baba, siwezi. Na Bibi atamwita mtoto Kelele!"

Baba akakaa karibu naye.
"Vua jinzi."
"Nitembee uchi?" akauliza Hemedi. Akautazama msuli wa Baba.
Baba akaushika kwa mikono miwili. "Huu? Huu siutoi!"

Wakacheka wote wawili. Kisha Baba akatazama kikapuni. Akatoa ile doti.

"Hapana!" akasema Hemedi. "Hiyo ni ya mtoto!"
"Mtoto ana urefu gani?"
Hemedi akapima hewani kwa mikono. Kadogo tu.
"Basi nusu itamtosha," akasema Baba.

CHRAAAA! Doti ikawa kanga mbili.

Moja ikarudi kikapuni. Nyingine Baba akaikunja, akamfunga Hemedi kiunoni, kaza! Jinzi ikaning'inia kwenye fimbo begani mwa Baba, ikidondosha maji. To! To! To!

Upepo ukaja. Pepe! Pepe! Pepe!
"Baba! Miguu yangu inapumua!" Hemedi akaruka. Akazunguka. Akaruka tena!

Sasa sikilizeni. Maneno ya kanga yalikuwa yamekaa wapi? Nyuma! Pale pale pa kukalia!

Mama mmoja mwenye kuni akaja nyuma yao.
"Karibu mgeni wetu," akasoma. "Ahsante, mwanangu, nimekaribia!"
"Shikamoo, mama," akasema Hemedi. "Nani amekukaribisha?"
"Makalio yako!"

Baba alicheka mpaka akashika mti. Hemedi alicheka mpaka akashika Baba.

Wakapita watoto wa shule. Wakasoma kwa pamoja, "KA-RI-BU! Ahsante, tumekaribia!"
Hemedi akatikisa kiuno. "Karibuni tena!"

*Mguu huu, na mguu huu,
kwa Bibi ni mlimani juu!*

Halafu kitu kikaivuta kanga kwa nyuma. Vuu!
"Baba, mwingine anasoma," akasema Hemedi.
Alikuwa mbuzi. Alisoma kwa meno.

Alikuwa na ndevu ndefu, ndefu, ndefu.
"Ndevu!" Hemedi akapiga kelele. "Ni Ndevu wa Bibi! Tumefika!"

Jua lilikuwa limeanza kujificha. Bibi alikuwa uani, amempakata mtoto.
"Kaka mtu haonekani," akasema Bibi. "Basi mimi namwita Ke..."

Pepe! Pepe! Pepe!
"Ngoja, Bibi! Shikamoo, Bibi! Ngoja!"
"Marahaba!" akasema Bibi. "Na hiki ni nini kinachopepea?"

Hemedi akamkimbilia mtoto. Akainama. Akaweka mdomo kwenye sikio dogo, laini.
"Mwajabu," akanong'ona.

Mtoto akapiga chafya. Chya!
"Amekubali!" akasema Hemedi. "Anaitwa Mwajabu!"

"Mwajabu," akasema Mama, aliyekaa kando ya Bibi, akatabasamu. "Zuri sana, mwanangu."
"Hata Kelele lilikuwa zuri," akasema Bibi.

Kisha Hemedi akatazama miguu yake.
"Mama, ile doti ilikuwa ya mtoto. Nusu nimeivaa mimi."

Mama akachukua kanga ya kikapuni. Akamfunika Mwajabu. Akamvuta Hemedi karibu, mpaka kanga mbili zikakutana.
"Doti moja, watoto wangu wawili," akasema. "Hii sasa ndiyo imekamilika."

Usiku ukaingia. Jinzi ililala nje kwenye kamba, na mifuko yake minne mitupu.
"Hemedi," akaita Baba. "Tukirudi nyumbani utavaa nini?"

Hemedi alikuwa kitandani, kanga imemfika kidevuni. Akamsogelea mdogo wake. Akapitisha kidole kwenye maandishi, polepole, akamsomea:
"Karibu, mgeni wetu."

Mwajabu akapiga mwayo.
Hemedi akapiga mwayo.
Na miguu, ile miguu iliyotembea kutwa nzima, ikalala ya kwanza.