Meno ya Mlimani

Alhamisi ya soko, Lushoto haina pa kuweka mguu. Kina mama walikuwa wamepanga plamsi na karoti hadi kwenye ngazi za duka la pikipiki, na katikati ya matenga hayo akapita Secilia. Gauni la kitenge lenye maua ya njano, miguuni mabuti ya mpira yenye tope la kijiji cha Gare.

"Karibu, mwalimu," alisema Hezekia, fundi wa duka, akifuta mikono kwa tambara.

"Nani kakwambia mimi mwalimu?"

"Chaki kwenye sweta yako imenisalimia kabla yako."

Secilia akacheka bila kutaka. "Nataka pikipiki moja."

"Kila mteja hununua moja."

"Moja ya kazi mbili, fundi. Siku za shule inipandishe Gare na kunirudisha. Likizo inifikishe Matema. Kila mwaka nawachorea watoto Ziwa Nyasa ubaoni, na mimi mwenyewe sijawahi kuliona."

"Kwa hiyo unataka mbuzi wa mawe ambaye pia ni farasi wa tambarare."

"Huyohuyo. Nitafutie."

Hezekia akamwonyesha ndogo, inayokunywa mafuta kama kifaranga. "Lakini kabla ya Mbeya mgongo wako utadai talaka." Akamwonyesha kubwa. Secilia akaipanda, miguu ikaning'inia kama ya mtoto kitini. Halafu akaikalia ya kati, nyekundu, na nyayo zake zote mbili zikagusa sakafu.

"Hii," alisema.

"Una jicho zuri."

"La kuchagua pikipiki?"

"Tuanze na hapo."

Akachuchumaa, akamwonyesha gurudumu la meno la nyuma, linalovutwa na mnyororo. "Hii ni sproketi. Yenye meno mengi inavuta mlima, ila haina mbio. Yenye meno machache inakimbia lami, ila mlimani inahema. Nitakufungia ya mlimani. Likizo ikifika nitakubadilishia, mbuzi awe farasi."

Kuanzia hapo kila Jumamosi pikipiki ikawa na ugonjwa. Mara kioo kimelegea, mara honi ina mafua. Na kila asubuhi simu ililia.

"Umefika, mpenzi?"

"Nimefika. Tope limenibusu kabla yako."

"Mwambie tope namtafuta."

Hata Klara, binti wa Secilia wa miaka minne, ambaye baba yake aliondoka kabla hajaota jino, alikuwa akisikia injini barabarani anapiga kelele, "Anko Heze!" Secilia aliyasikia hayo moyoni kuliko maneno yote ya mapenzi.

Juni ikafika. Hezekia alikaa na pikipiki siku mbili, akairudisha inang'aa.

"Umebadilisha meno?"

"Tayari," alijibu, akiitazama taa ya mbele.

Asubuhi iliyofuata Secilia alimbusu Klara aliyebebwa mgongoni mwa bibi yake, akashuka kona za Soni akiimba ndani ya helmeti. Lakini alipoiacha Mombo na kushika lami kuu ya kuelekea Korogwe, pikipiki ikaanza kulia kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Mwendo haukuongezeka. Basi likamjia nyuma, likapiga honi ndefu, likampita karibu sana hata begi likatikisika. Akasimama kando. Akageuza taratibu mpaka kwa fundi wa pale Mombo.

"Dada, haya ni meno ya mlimani," alisema yule fundi. "Na hayajaguswa siku nyingi."

Secilia akapiga simu. "Heze, ulisema tayari."

"Kwani umefika wapi?"

"Nakuuliza wewe!"

"Niliogopa, Sesi. Nilijua itakuchosha, utarudi. Mtu akishafika Nyasa, Lushoto itaonekana ndogo. Na mimi ndani yake."

"Kwa hiyo ukaona bora basi linikanyage?"

"Hilo sikuliwaza. Naapa."

"Hukuliwaza. Mwanangu yuko juu huko ananingoja, na wewe hukuliwaza." Akakata.

Saa mbili baadaye Hezekia alishuka kwenye gari la abiria, ovaroli ileile ya kazini, mkononi kitu kimefungwa gazeti: sproketi ya lami na mnyororo wake. Hakusogea karibu.

"Nimekukosea. Niifunge, halafu nikitakiwa kuondoka, niondoke."

"Hufungi kitu. Nipe spana. Wewe sema tu, mimi nifanye."

Akafunga kitenge kiunoni, akapiga magoti. Hezekia alielekeza kwa sauti ya chini: legeza hiki, vuta kile, usikaze upande mmoja. Vidole vyao vikagongana kwenye grisi mara moja, na Secilia hakuviondoa haraka.

"Siku nyingine ukitaka kunizuia," alisema bila kuinua uso, "nizuie kwa mdomo."

"Usiende."

"Naenda."

"Basi nenda, Sesi. Na urudi." Akafuta grisi kwenye ovaroli. "Nikimtuma mshenga kwa mama, atafukuzwa?"

Secilia akaiokota sproketi ya mlimani na mnyororo wake, akavifunga kwenye lile gazeti, akavitia ndani ya begi.

"Nitakujibu nikiwa hapahapa Mombo," alisema. Akawasha. Mara hii injini ilitoa mlio mpole, na kitenge cha njano kikapungua barabarani mpaka kikawa nukta.

Kwa siku kumi na mbili Hezekia alipokea picha: ziwa, mawe, mguu mmoja mchangani. Hakuna hata neno moja. Alikuwa akimwonyesha Klara, naye anauliza kama maji yale yana mwisho.

Siku ya kumi na tatu, mchana, simu ikalia dukani.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Mombo. Nakupigia kwa kidole kidogo, vingine vyote vina grisi."

"Imeharibika? Nije?"

"Usije. Nafunga meno ya mlimani," alisema Secilia. "Mwambie mshenga apige pasi shati."