Nani Alisema Tano

Walikuwa wanne mezani, na chai zikaja tano.

Gichuki ndiye aliyeona kwanza, kwa sababu tumbo lake huona kabla ya macho. Alikuwa ameinamia mgongo wa kalenda kuukuu, kalamu mkononi, akipanga mzunguko wa mwaka kama jenerali wa vita, isipokuwa vita vyenyewe vilikuwa vya kushambulia baa. Saa moja jioni, Mamboleo. Saa mbili na nusu, Kondele. Saa nne, Kaloleni, hapa hapa karibu na kibanda cha chai walichokaa. Mwisho Dunga, ufuoni mwa ziwa, samaki wa mwisho na chupa ya mwisho, halafu matatu ya mwisho kurudi mjini Kisumu kabla ya saa sita. Gari la mtu binafsi marufuku. Sheria hiyo waliipitisha mwaka ule Oduor alipoingiza pikapu yake mtaroni, akazima injini, akavua viatu na kulala humo hadi asubuhi akidhani amefika kwake.

"Mama, chai moja imezidi," Gichuki alisema.

Mama wa kibanda aliangalia kiti cha plastiki kilichokuwa wazi kando ya Wakhungu. "Si mko watano? Yule wa kofia nyekundu ameenda wapi?"

Hakuna aliyecheka. Oduor, fundi wa kuchomelea mageti, mtu ambaye hucheka hata matangani, aliweka kikombe chini polepole. Celestine wa saluni alijifunga leso vizuri. Wakhungu, fundi wa stima, ambaye kwa kawaida huongea mara mbili kwa wiki, alisogeza kiti chake mbali na kile kilichokuwa wazi.

Wa kofia nyekundu alikuwa Ogola. Na Ogola waliondoka naye mwaka jana kwenye mzunguko huu huu, wakarudi bila yeye.

"Nani amemtuma huyu mama?" Celestine aliuliza mama alipoondoka. "Oduor, ni wewe?"

"Wee, mimi nicheze na jina la maiti?"

"Basi ni nani?"

Wakaangaliana. Gichuki akarudi kwenye kalenda yake. Kiti kile cha plastiki kilikuwa na maji, duara dogo, kama mtu aliyekaa hapo alikuwa ametoka kuoga.

Sasa, mzunguko wao ulikuwa na desturi moja. Watu wakishakunywa huwa wanapotea kama soksi, kwa hiyo kabla gari halijaondoka kila steji, kila mtu anataja namba yake. Gichuki, mpangaji, ni moja, na kwa sababu ya tumbo lake kila mwaka huongeza, "kwa uzito hesabuni wawili." Oduor mbili, Celestine tatu, Wakhungu nne, Ogola tano. Namba ikikosekana, gari halitoki, hata makanga anayekusanya nauli alie. Miaka sita hawakuwahi kumwacha mtu.

Mwaka jana pale Dunga taa za matatu zilikuwa zimezimwa na makanga alikuwa na haraka. "Mmetimia? Hii ndiyo ya mwisho." Moja. Mbili. Tatu. Nne. Kimya kidogo. Halafu sauti ya puani, ya Ogola, ikasema, "Tano, na bado nina kiu." Wakacheka, gari likatoka. Walipofika mjini kiti cha nyuma kilikuwa kitupu. Asubuhi wavuvi walipata viatu vyake na kofia kwenye mawe. Mwili haukupatikana hadi leo. Kwao Katito walizika yago, lile tunda refu zito kama paja la mtu, ambalo Wajaluo hulizika mahali pa mtu aliyemezwa na ziwa.

Kilichowatesa wale wanne mwaka mzima ni swali moja: kama Ogola alikuwa majini, nani alisema tano?

Gichuki alijua. Gichuki ndiye aliyesema.

Kipaji chake kikubwa duniani, ukiacha kuuza magodoro, ni kuiga sauti za watu. Huiga chifu, huiga padri, huiga mkewe Charity akiwa amekasirika, hata paka wake mwenyewe hukimbia. Usiku ule Charity alikuwa ameapa kufunga mlango saa sita kamili. Ogola alikuwa ameenda kukojoa kwenye mawe na alikuwa akichelewa. Gichuki aliona atakuja na bodaboda, mtu mzima huyo, kwani atapotea wapi? Akabana pua, akasema tano. Mzaha tu. Alikuwa mlangoni kwake saa sita kasoro dakika nne, na Charity akamfungulia.

Siku iliyofuata ile ya chai tano, Gichuki alifungua duka lake Mamboleo akakuta godoro la tano kutoka juu limelowa. Alidhani bati linavuja. Lakini mvua haikuwa imenyesha, na magodoro manne yaliyokuwa juu yake yalikuwa makavu kabisa. Alipolivuta akaona unyevu wenyewe una kichwa, una mabega, una miguu miwili iliyonyooka, kama mtu amelala hapo usiku kucha bila kugeuka. Akaliinua kunusa. Lilinuka magugu ya ziwa, ile harufu ya kijani inayobaki mikononi.

"Majini ni mambo ya Mombasa," alijiambia kwa sauti, ili duka lisikie. "Sisi huku tuna viboko tu."

Akalianika juani. Kesho yake lilikuwa limelowa tena, lakini safari hii aliyelala alikuwa amejikunja upande mmoja ili kumpisha mtu wa pili.

Jumamosi, siku ya mzunguko, wakakutana tena kwenye kibanda saa kumi alasiri kumaliza mpango, na hapo ndipo Adongo, dada yake Ogola, alipotokea akiwa ametoka Katito. Alikuwa mama mrefu asiyepoteza maneno. Alisalimia kila mmoja kwa mkono na kukaa kwenye kiti kile kile bila kukipangusa.

"Tulizika yago," alisema kwa sauti ya chini, "lakini ndugu yangu hajatulia. Anakuja kwa mama kila usiku anasema yuko steji, anangoja gari, na gari linamwambia tayari ameshapanda. Mama anauliza, nani amepanda kwa jina lako? Hasemi. Anasema atamchukua mwenyewe."

Oduor alisogeza kikombe chake pembeni. "Sasa mama anataka nini, dada?"

"Aliyejibu kwa niaba yake aende pale pale, aseme mbele ya wenzake wote, 'Ogola, ni mimi niliyekujibia, njoo tupande.' Basi. Mumlete kwa gari hadi mjini, mimi nitangoja steji na jani, lile roho ya marehemu hulifuata hadi nyumbani. Hatutaki kesi. Hatutaki kitu kingine." Akawatazama mmoja mmoja. "Lakini awe ni yeye kweli. Mkimdanganya marehemu, naye atapanda kwa jina la aliyemdanganya, na hapo ndipo ubaya."

Chai ikapoa.

"Mimi nilikuwa mbele na dereva," Celestine alinong'ona. "Mnajua."

"Mimi nilikuwa natapika dirishani," Oduor alisema. "Kuna mashahidi, na kuna shati."

Macho yote yakaenda kwa Wakhungu, ambaye usiku ule alikuwa ameketi nyuma kabisa ya gari, karibu na kiti cha Ogola. Gichuki angeweza kusema wakati ule. Maneno yalikuwa mdomoni, yamepanga foleni. Lakini aliwaza Oduor atakavyomwangalia, aliwaza mama yake Ogola, aliwaza Charity akisikia kwamba mtu alikufa ili yeye asifungiwe mlango. Akainamia kalenda.

"Sisemi kitu," alisema, "lakini mtu mkimya huwa hatujui sauti yake inafika wapi."

Wakhungu alimgeukia. "Bwana Gichuki," alisema, na hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya wiki nzima, "mimi siwezi kuiga mtu. Sisi wote tunajua nani anaweza."

"Wee, usinirushie," Gichuki alisema akicheka peke yake. Alipotazama kalenda, chini ya Dunga, baada ya steji ya mwisho, kulikuwa na mstari mmoja zaidi, kwa mwandiko wake mwenyewe, wino ukiwa bado mbichi. *Saa sita kasoro dakika nne, nyumbani kwa Gichuki.* Akaikunja haraka kabla mtu hajasoma.

Walikwenda, maana kutokwenda kulikuwa kubaya zaidi. Mamboleo walikunywa bila hadithi. Kondele mhudumu alileta chupa tano, wakainuka bila kuzigusa. Kaloleni walicheza muziki mmoja, na Celestine akakaa chini ghafla akisema kuna mtu amemshika kiuno kwa mkono wa baridi. Kila steji wakahesabu, moja, mbili, tatu, nne, na baada ya nne wakasikiliza. Hakuna kilichosikika, ila kwa nyuma, nyayo zenye maji, chwap, chwap, zikija polepole kama mtu ambaye hana haraka kwa sababu anajua mnakoelekea.

Dunga walifika saa tano. Samaki hakulika. Matatu ya mwisho ilipowasha injini, Oduor alimshika Wakhungu bega. "Nenda useme, jamaa. Tuko na wewe."

"Siyo mimi," Wakhungu alisema.

"Ngojeni," Gichuki alisema. "Pandeni ninyi. Mimi naenda kukojoa mara moja."

Alikuwa ameshajipangia. Atasema mwenyewe, peke yake, kwenye mawe, marehemu asikie na wenzake wasisikie, kila mtu aende nyumbani na heshima yake. Alishuka gizani akifuata sauti ya maji, na kadiri alivyoshuka ndivyo ile harufu ya magugu ilivyozidi kupanda, ikamwingia puani na kukaa kooni kama kitambaa kibichi, hadi akafika kwenye yale mawe yenyewe na kuona, juu ya jiwe la mwisho, pale maji yanapolamba, jozi ya viatu vilivyopangwa vizuri, visigino pamoja, na kando yake nafasi ya jozi nyingine.

"Ogola," alinong'ona. "Ogola, ndugu yangu. Ni..."

Maji yalinyamaza yote kwa pamoja kusikiliza. Akahisi ziwa zima limeegemea upande wake. Na pale pale, kwa hofu ile ile ya mwaka jana ya kukuta mlango umefungwa, ulimi wake ukageuka.

"Ni Wakhungu," alisema. "Ni Wakhungu aliyekujibia."

Hakuna kilichojibu. Maji yakaendelea kulamba mawe. Gichuki akashusha pumzi, akaona kumbe hata wafu unaweza kuongea nao ukamalizana, akageuka kupanda, na ndipo aliposikia kutoka juu kwenye steji sauti ya makanga ikiuliza kama wametimia kwa sababu hii ndiyo ya mwisho, na kutoka ndani ya gari, wazi kabisa, kwa lafudhi ya Nyeri ambayo miaka ishirini ya Kisumu haikuweza kuiondoa, na kwa ule mzaha wake wa kila mwaka ambao hakuna mtu mwingine duniani angeuthubutu, sauti yake mwenyewe ikasema:

"Moja, lakini kwa uzito hesabuni wawili."

Alisikia Oduor akicheka kwa mara ya kwanza usiku ule. Mbili. Tatu. Nne.

"Niko hapa!" alipiga kelele, au alijaribu, kwa sababu kilichotoka kilikuwa chembamba, cha puani, na hakikufika hata kwenye jiwe la pili, na taa za nyuma za matatu zikawaka, zikapanda kilima na kupotea, na yeye akakimbia nyuma yake kwa miguu, yeye ambaye hakuwa amekimbia tangu shule ya msingi, akipita Nyalenda, akipita mjini ambako steji zilikuwa tupu na Adongo hakuwepo tena, akipungia kila bodaboda na kila bodaboda ikipita kama barabara haina mtu, na nyayo zake mwenyewe kwenye lami, ingawa hakuwa amegusa maji, zikilia chwap, chwap, chwap hadi Mamboleo.

Taa ya sebuleni ilikuwa inawaka. Kupitia pazia aliona Charity ameshika kiuno akicheka, kicheko kile cha zamani, cha kabla ya watoto. Mbele yake mwanamume mnene alikuwa ameketi kwenye kiti cha Gichuki akimwiga chifu, na alimwiga vizuri kuliko Gichuki alivyowahi. Chini ya kiti kulikuwa na duara dogo la maji.

Gichuki akagonga mlango.

"Baba Kahiga, kuna mtu," Charity alisema. Akaja karibu na mlango. "Ni nani usiku huu?"

"Ni mimi," Gichuki alisema. "Mama Kahiga, ni mimi, fungua." Lakini aliisikia vizuri sauti iliyotoka kinywani mwake, na Charity naye aliisikia, kwa sababu alipiga ukelele mdogo na kurudi nyuma. Ilikuwa sauti ya puani, yenye kiu.

Ndani, kiti kililia mtu alipoinuka. Nyayo nzito zikaja bila haraka, na mlango ukatiwa komeo.

"Hakuna mtu, mama," sauti ya Gichuki ilisema nyuma ya mlango. "Twende tulale. Tumetimia."