Insha ya Mkunga

Mkunga alikuwa na miaka kumi na tisa kazini. Wodi ya wazazi aliijua kama anavyolijua jiko lake. Mtoto akikaa vibaya tumboni, alitambua kwa kugusa tu. Hospitali ilipompa nafasi ya kwenda chuo kikuu kusomea digrii, nyumba nzima ilifurahi. Mumewe, fundi cherehani, alimshonea mkoba wa vitabu wenye mifuko sita.

"Sita ya nini, baba watoto?"

"Digrii ni kitu kikubwa," alisema mumewe. "Lazima ipate pa kukaa."

Lakini masomo yalikuwa kwa Kiingereza. Kusoma alisoma, polepole, kamusi ikiwa pembeni. Kuandika ndiko kulikomtoa jasho. Mwezi wa pili wanafunzi waliambiwa waandike insha: kwa nini wajawazito wengi huchelewa kuanza kliniki? Mkunga aliona hilo swali lake kabisa. Hata hivyo, kila alipoanza sentensi, Kiingereza kilimkwama kooni. Basi akachukua vitabu vitatu, akachagua sentensi nzuri nzuri, akaziunga moja baada ya nyingine. Hakusema zilikotoka. Alidhani ndivyo wasomi wanavyofanya.

Wiki iliyofuata mhadhiri alimwita ofisini. Insha ilikuwa mezani, imejaa wino mwekundu.

"Mama, kazi hii si yako," alisema. "Sentensi hii nimeikuta kwenye kitabu hiki. Na hii. Na hii pia. Kuchukua maneno ya mtu bila kumtaja, hapa chuoni ni wizi. Nikiipeleka kwenye kamati ya nidhamu, unaweza kusimamishwa masomo."

Mkunga aliitazama ile insha. Yeye, mwizi? Miaka yote hiyo hakuwahi kuchukua hata pamba ya wodi.

"Sikujua, mwalimu. Wallahi sikujua."

Mhadhiri alimtazama, akavua miwani. "Nakuamini. Nakupa wiki mbili, uandike upya. Ukiniletea tena maneno ya watu, sitakuwa na la kufanya."

Alipofika nyumbani alijitupa kwenye kiti. Mumewe aliacha cherehani.

"Naacha chuo," alisema Mkunga. "Mimi na Kiingereza wapi na wapi?"

"Huko maktaba hakuna watu wa kuuliza? Uliza kwanza. Ukikosa jibu, ndipo uache."

Asubuhi alikwenda maktaba. Mkutubi alikuwa dada mdogo, umri wa binti yake wa kwanza. Alimwamkia Mkunga kwa heshima, akaisoma ile insha yote, kisha akaifunika kifudifudi.

"Mama, nieleze kwa mdomo. Kwa nini wanachelewa?"

"Kwa Kiingereza?"

"Kwa Kiswahili. Kama unamweleza jirani yako."

Hapo Mkunga alifunguka. Alisema mpaka mkutubi akachoka kuandika.

"Sasa tazama," mkutubi alisema. "Umetaja sababu tatu. Kliniki ziko mbali. Wanaogopa kutangaza mimba ikiwa changa. Na hawajui faida ya kuja mapema. Hizo ndizo hoja zako. Kila hoja ipe aya yake. Sentensi ya kwanza itaje hoja. Zinazofuata zieleze, zitoe na ushahidi."

"Na hicho Kiingereza?"

"Andika sentensi fupi. Kitu cha kwanza ni kueleweka."

"Loo! Na mimi nilikuwa nawinda maneno marefu kama treni!"

Walicheka wote wawili. Kisha Mkunga alimtajia vile vitabu vitatu, mkutubi akaleta kimoja.

"Soma ukurasa huu, usiandike kitu. Ukiuelewa, funga kitabu, uniambie umesema nini. Hayo utakayoniambia ndiyo utakayoandika. Pembeni taja jina la mwandishi na mwaka wa kitabu."

"Hata nikisema kwa maneno yangu, bado nimtaje?"

"Bado. Maneno ni yako, lakini wazo ni lake. Na ukitaka maneno yake yenyewe, yaweke ndani ya alama za kunukuu, uongeze namba ya ukurasa. Mwisho wa insha, orodhesha vitabu vyote ulivyotumia."

Mkunga alisoma. Akarudia. Kisha akafunga kitabu.

"Vipi, mama?"

"Mwandishi huyu aliwauliza wanawake mia tatu," alisema taratibu. "Wengi wanajua faida ya kuja mapema. Wanachelewa kwa sababu..." Aliweka mkono juu ya kitabu. "Kwa sababu wanaogopa maneno ya wakunga. Tunawafokea."

Mkutubi aliifunua ile insha ya kwanza. "Mbona sentensi hiyo unayo hapa, ukurasa wa pili?"

Kweli ilikuwepo. Mkunga alikuwa ameinakili neno kwa neno, wala haikumwingia. Sasa ndipo ilipoingia, ikamchoma. Alimkumbuka mama mmoja ambaye yeye mwenyewe alimfokea mbele ya benchi zima la wajawazito. Mama yule hakurudi tena mpaka siku ya uchungu.

"Sasa ile hoja yangu ya tatu?"

"Ushahidi unasemaje?"

"Unasema nimekosea."

"Basi ibadilishe. Hiyo ndiyo kazi ya kusoma."

Siku tisa Mkunga alishinda maktaba baada ya vipindi. Alipoandika kwamba wanawake wote wanaogopa, mkutubi aliweka kidole juu ya neno "wote" akauliza, "Uliwauliza wote?" Likafutwa, likaandikwa "wengi". Jioni alimsomea mumewe kwa sauti. Fundi hakujua Kiingereza kingi, lakini alisikiliza kwa makini.

"Hapo umepumua mara mbili," alisema. "Sentensi hiyo ndefu. Ikate."

Akaikata. Ikawa mbili, zote zikaeleweka.

Alikabidhi insha siku ya Ijumaa. Jumamosi alikuwa na zamu wodini. Alikuja mwanamke mwenye mimba ya miezi minane, hajawahi kupimwa hata mara moja. Alisimama mlangoni, kichwa chini, akingoja kufokewa. Mkunga alimvutia kiti.

"Karibu, mwanangu. Umefanya vizuri kuja. Tuanze na presha."

Mwanamke aliinua macho. Kabla hajaondoka aliuliza siku ya kurudi.

Jumatano mhadhiri alimwita Mkunga. Safari hii wino mwekundu ulikuwa kidogo.

"Kuna makosa ya sarufi hapa na pale, nimeyapigia mstari," alisema. "Lakini hoja zako zinaeleweka, na kila chanzo umekitaja. Aya ya tatu nimeisoma mara mbili kwa kuipenda. Umefaulu, mama. Habari ya kamati imekwisha."

Mkunga alitoka nje, akakaa kwenye ngazi za jengo, akapiga simu. Sauti haikutoka.

"Haloo? Mama watoto?" mumewe aliita. "Wamekufukuza? Sema basi!"

"Nime... nimefaulu!"

Fundi alipiga kelele mpaka mteja aliyekuwa anapimwa suruali akaruka. Mkunga alisikia kishindo, kisha mumewe akiomba radhi huku anacheka. Naye alivua viatu, akanyoosha miguu kwenye jua, akacheka mpaka wanafunzi waliokuwa wanapita wakageuka kumtazama.