Neno la Chini ya Shitingi

Kila asubuhi kabla ya masomo, binti yangu Bibiche alibeba bido, dumu lake la maji, akaenda kuchota kwenye robine, bomba la hapa Kirotshe kando ya ziwa. Njiani alimpitia rafiki yake Murekatete. Familia ya Murekatete ilikimbia vita huko Mushaki, ikaacha ng'ombe na shamba la viazi. Sasa wanaishi kando ya barabara, katika kibanda cha miti kilichofunikwa kwa shitingi, ile plastiki nyeupe wanayogawiwa wakimbizi.

Ndani ya kibanda walikuwa na mzaha wao.

"Shitingi mwenzangu, umeota nini?" Murekatete alimuuliza mdogo wake Cyusa.

"Nimeota mabati!"

Hata mama yao, Nyirabagenzi, alicheka, huku mvua ikimdondokea begani. Bibiche naye alicheka. Akalipenda lile neno.

Siku moja maji yalikuwa machache na foleni ilikuwa ndefu. Bibiche alipomwona rafiki yake anakuja, akapaza sauti kwa furaha: "Wee Shitingi! Shitingi yangu, kuja hapa!"

Watu wakageuka. Kijana mmoja, Plamedi, akapiga makofi.

"Kumbe njo jina yao? Ma-shitingi nyuma! Wenye kijiji kwanza! Na bido yao iko inavuja kama nyumba yao!"

Wengi walicheka, watu wazima pia. Murekatete hakumtazama Plamedi. Alimtazama Bibiche, kisha akaondoka na bido tupu.

"Mama, nilikuwa nacheza tu," Bibiche aliniambia jioni. "Wenyewe wanaitana vile."

Nikamwambia aende kuomba msamaha. Aliona haya, hakwenda.

Tangu hapo, kila mtu wa vibanda aliyefika kwenye robine alisikia, "Shitingi, nyuma!" Murekatete akaanza kuchota ziwani, pale watu wanapofulia na mifugo inapokunywa. Makaa ya kuchemshia maji hawakuwa nayo.

Jumapili tukitoka kanisani, tulimwona Nyirabagenzi akikimbia, Cyusa mgongoni. Macho ya mtoto yalikuwa yameingia ndani, midomo imekauka. Kipindupindu. Nikamshika Bibiche mkono, tukamfuata mpaka hospitali. Kitanda cha pembeni kilikuwa na mtoto wa watu wengine, amefunikwa kitenge mpaka usoni.

"Mama, Cyusa naye watamufunika?"

Tulikaa tukitazama serumu ikiingia mshipani tone kwa tone, mpaka Cyusa akafumbua macho na kuomba uji.

Hapo Bibiche akapiga magoti. "Mama Nyirabagenzi, unisamehe. Niliona nyie wenyewe munaitana vile."

Nyirabagenzi hakufoka. Ingekuwa heri angefoka.

"Mutoto yangu, mvua ikinyesha, inatunyeshea sisi wote mule ndani. Tunasema 'shitingi' ili tusilie. Wewe unaisema ukiwa mukavu, chini ya mabati. Na wale wenye kutaka kutufukuza walikuwa wanangojea tu muntu awafungulie mulango."

Kesho yake nilikwenda kwenye robine pamoja na Bibiche na Murekatete. Plamedi alipofungua kinywa, Bibiche alimtangulia:

"Ile neno, mimi njo niliileta hapa, na nilikosa. Huyu anaitwa Murekatete. Bido yake iko mbele ya yangu."

Mimi nilisimama nyuma yake, nikawatazama watu wazima mmoja mmoja. Plamedi akatazama pembeni. Mama mmoja akavuta bido lake, akampa Murekatete nafasi.

Cyusa sasa anatembea, amekonda kama kijiti.

"Shitingi, umeota nini?" dada yake anamuuliza.

"Nimeota maji."

Bibiche yuko pale mlangoni. Lile neno halitoki tena kinywani mwake.

Nanyi watoto mnaosoma, nawaonya kama mama. Watu wenye taabu moja wana maneno yao ya kupozana moyo. Ukiyasikia nyumbani kwao, kwanza jiulize: mvua inayowanyeshea, inakunyeshea na wewe? Kama hapana, liache neno lao pale ulipolikuta.