Panya Walioacha Sukari

"Lizuie lori kabla ya Mbinga. Saa kumi wagonjwa wanaanza kuchomwa sindano."

Mkuu akakata simu.

Hasna, mpelelezi wa siri, alikanyaga mafuta. Hilux iliparamia kona za kutoka Mbamba Bay. Mbele, malori matatu. Dawa ya magendo, iliyodaiwa kutibu uraibu wa heroini, ilikuwa ndani ya moja.

Lipi?

Simu ya setilaiti ikalia. Dokta Hedwiga, mtafiti aliyetoroka na daftari la maabara.

"Daktari, dawa hii inafanya kazi au haifanyi?"

"Tuliwazoesha panya heroini. Wakibonyeza kitufe, wanajidunga wenyewe. Tukawapa dawa, wakaacha kubonyeza. Bosi akashangilia."

"Si ndicho tunachotaka?"

"Ngoja, mwanangu. Kulikuwa na kitufe cha pili, cha maji ya sukari. Dawa nzuri hupunguza hamu ya heroini, lakini sukari panya anaendelea kuifuata. Hawa waliacha vyote. Walikuwa wanakufa, Hasna. Niliwashika kiganjani, hawakuweza hata kuinua kichwa. Bosi akazifuta hesabu za sukari."

Hasna aliongeza mwendo. Jina la tatu kwenye orodha ya wagonjwa wa kliniki iliyosubiri dawa hiyo lilikuwa la Hamidu, mdogo wake.

Lori la kwanza: usipa, dagaa wa ziwani. Harufu ilimfikia kabla ya lori lenyewe.

La pili: saruji.

La tatu: magunia ya kahawa.

Kahawa? Ikipanda kutoka ziwani, kwenda Mbinga kwa Wamatengo wanaoilima?

Alilipita, akakata usukani, akaziba njia. Dereva akashuka akitabasamu. Nazari, yule wa kwenye picha aliyopewa na Mkuu.

"Vipi, dada? Nawahisha kahawa Mbinga."

"Unawapelekea Wamatengo kahawa? Si ungewapelekea na milima kabisa!"

Tabasamu likafa. Mkono wa Nazari ukashuka kiunoni.

Glock ya Hasna ilikuwa tayari usoni pake.

"Usijaribu, kaka."

Chini ya gunia la nne, vichupa vilipangwa kama mayai.

Polisi walipofika, alimpigia mdogo wake.

"Shikamoo, dada. Nimeshafika kliniki. Hata ndevu nimenyoa."

"Marahaba. Hamidu, ondoka hapo. Ile dawa inaua."

Alisikia meno yakigongana.

"Mwili unaniuma, dada. Sasa nifanyeje?"

"Nakuja. Nakupeleka wanakotoa methadoni, dawa ya kweli ya kuacha heroini. Ni mbali, na ni kila siku."

"Kila siku?"

"Kila siku. Usiende popote."

"Fanya haraka. Sijiamini."

Hasna alivaa miwani yake myeusi. Alimpita Nazari na pingu zake bila kumtazama, akatembea taratibu hadi kwenye Hilux.

Askari walimsifu kwa utulivu wake. Hawakuyaona macho.