Rafiki Yangu Aliniuzia Unga Akauita Dawa

Nina umri wa miaka thelathini na sita, nimeolewa, nina watoto wawili na ninaishi Karatu. Nina kifafa. Nimelitaja neno hilo mapema kwa makusudi, wasomaji wenzangu, maana wapo watu hapa mjini waliotegemea kwamba aibu ya neno hilo itanifunga mdomo. Haikunifunga!

Nilizaliwa Oldeani, wazazi wangu wakiwa vibarua kwenye mashamba ya kahawa. Nilianguka kwa mara ya kwanza nikiwa darasa la sita, tukiwa mstarini asubuhi. Wanafunzi walitawanyika wakipiga kelele. Waliamini kwamba ukiguswa na mate ya mwenye kifafa, basi nawe umekipata. Alibaki mmoja tu, Restituta, msichana tuliyekaa naye dawati moja. Alikunja sweta lake, akaniwekea chini ya kichwa, akakaa na mimi kwenye vumbi mpaka nikafumbua macho.

Mtu wa namna hiyo wewe ungemwitaje? Mimi nilimwita ndugu. Siku ya harusi yangu alikuwa mpambe wangu. Binti yangu Neema alipobatizwa, yeye ndiye aliyemshika. Hakuna jambo langu ambalo Resti hakulijua...

Baada ya kuhangaika na dawa za kila aina, daktari wa kliniki alinipatia moja iliyonikubali. Miaka ikapita sijaanguka. Nikasomea upishi, nikaajiriwa kwenye hoteli moja ya watalii, kwenye barabara ya kupanda Ngorongoro. Nilikuwa mpishi wa asubuhi. Wageni walikuwa wakila chakula changu kabla ya kushuka kreta kutazama wanyama, na mume wangu Paskali, ambaye ni dereva wa watalii, hupenda kuwaambia watu kwamba aliyapenda maandazi yangu kwanza, mimi nikafuata.

Shida ilikuwa dawa yenyewe. Haikupatikana kila mara kwenye dirisha la hospitali, na kwenye maduka ya watu binafsi bei ilikuwa inapanda tu. Ikafika mahali nasimama mbele ya kaunta nachagua kati ya vidonge vyangu na ada ya watoto. Aliyewahi kusimama hapo ananielewa. Ambaye hajawahi, anyamaze.

Wakati huo Resti alikuwa na duka la vipodozi karibu na stendi. Alikuwa pia na grupu la simu lenye wateja wengi. Alianza na mafuta ya ngozi, akaingia kwenye vitamini, halafu akaanza kuuza dawa za hospitali. Presha, sukari, pumu... kila kitu alikuwa nacho.

“Nata, unawapa matajiri hela zako bure,” aliniambia siku moja. “Dawa ni ileile. Naagiza mtandaoni, inakuja moja kwa moja kutoka nje. Tunawaruka hawa madalali tu.”

Nilimwuliza kama hawataki cheti cha daktari. Akacheka.

“Cheti cha nini, wakati mimi nakujua tangu utoto?”

Alinionyesha picha kwenye simu. Duka kubwa linalong'aa, mtu amevaa koti jeupe, bendera za nchi mbalimbali. Nikakubali. Maboksi yalipofika kwa basi kutoka Arusha yalikuwa mazuri kuliko yale niliyoyazoea, yenye maandishi ya kigeni na kijikaratasi cha fedha kinachometameta.

Kuna watu wameniambia nilikuwa mjinga. Nawajibu hapahapa. Kutafuta nafuu si ujinga! Mgonjwa anayetafuta dawa ya bei anayoiweza anapigania maisha yake. Mwenye kosa ni yule aliyeiona njaa yangu ya nafuu akaigeuza biashara.

Haukupita muda mrefu mwili ukaanza kunipa taarifa. Mdomoni nikawa nasikia ladha kama ya chuma. Mkono wa kulia ukawa unashtuka wenyewe, mwiko unaanguka. Ishara hizo nilizifahamu tangu utotoni na ziliniogopesha sana. Nikampigia Resti. Sauti yake ilikuwa tulivu kabisa. Alisema mwili unaizoea dawa mpya, nisihangaike, niongeze kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni.

Nikaongeza. Bila shaka na yeye akauza zaidi...

Jumapili moja asubuhi hoteli ilikuwa imejaa. Nilikuwa nakaanga maandazi, wageni wameshakaa mezani, madereva wanapasha moto magari nje. Nakumbuka harufu ya iliki. Nakumbuka ile ladha ya chuma mdomoni. Baada ya hapo sikumbuki kitu.

Niliangukia jiko, na karai la mafuta likanifuata.

Nilipozinduka nilikuwa hospitalini, nimefungwa bandeji kuanzia shingoni mpaka kwenye kiwiko. Maumivu yale siwezi kuyaeleza na sitajaribu. Paskali alikuwa ameinamisha kichwa pembeni ya kitanda. Aliniuliza polepole kama nilikuwa naruka dawa. Mimi! Mimi niliyekuwa nameza mara mbili ya kipimo changu!

Resti alikuja na machungwa, akalia kuliko ndugu zangu wote. Alikuwa amepitia nyumbani kunichukulia vidonge vyangu. Akanishika kichwa, akaninywesha maji, akaniwekea kidonge mdomoni kwa mkono wake mwenyewe. Wauguzi wakamsifu. Nami nikamshukuru...

Niliporuhusiwa kurudi nyumbani nilianguka tena, safari hii mbele ya watoto. Neema alikimbilia kwa jirani akipiga kelele kwamba mama amekufa.

Meneja wa hoteli aliniita. Alizungumza kwa upole, lakini maana ilikuwa ileile, kazi basi. Mtaani nako maneno yakaanza. Wengine walisema nimerogwa. Wengine walisema nakunywa pombe kisirisiri ndiyo maana dawa haifanyi kazi. Mama mkwe akaleta watu wa maombi sebuleni kwangu, wakanizunguka wakikemea mapepo, na mimi nimekaa katikati na kidonda kinachouma. Niliwaacha wakamaliza. Kisha nikawauliza kama kuna pepo linalokuja kwa basi kutoka Arusha. Hawakunielewa. Hata mimi wakati ule nilikuwa nimeanza tu kushuku.

Habari ya pombe ilinitafuna zaidi. Nilifuatilia ilikotoka, na mwanamke mmoja wa jumuiya yetu ya kanisani akaniambia ukweli huku akitazama chini. Ilitoka kwa Resti. Yeye ndiye aliyewaambia wenzetu, kwa sauti ya huruma, kwamba Natalia hafuati masharti ya dawa na anaonja kidogo.

Nilikataa kuamini. Nilijiambia huenda alieleweka vibaya. Ndipo nikaenda Rhotia kumsalimia mama yake mzazi, ambaye ana presha ya siku nyingi. Nilimkuta anakunywa dawa yake, na bahasha ilikuwa ya hospitali. Alikuwa amepanga foleni asubuhi nzima kuipata.

Nikamwuliza kwa utani, “Mama, mwanao anauza dawa za presha kwa bei nzuri, wewe unahangaika na foleni?”

Yule mama akacheka bila wasiwasi wowote. “Aa, mwanangu, zile amenikataza kabisa nisiziguse. Anasema zile ni za wateja.”

Za wateja!

Sijui niliagaje. Najua tu kwamba nilitembea mpaka barabarani na chai yake nikaiacha mezani haijaguswa. Kwa hiyo alijua... Alijua wakati ananiambia niongeze. Alijua wakati ananiwekea kidonge mdomoni!

Sikwenda dukani kwake. Nilikwenda kwanza hospitali na maboksi yote yaliyobaki. Mfamasia, dada mmoja mwenye haraka nyingi, aliyaweka karibu na boksi langu la zamani na haraka ikamwisha hapohapo. Alinionyesha kwamba jina la dawa limekosewa herufi. Hakukuwa na namba ya usajili wa nchini kwetu. Namba ya toleo ilikuwa ileile kwenye maboksi yote, ingawa niliyanunua miezi tofauti. Alinipatia dawa halisi siku hiyohiyo, akapeleka vile vidonge kwa mamlaka ya dawa vikapimwe.

Majibu yalirudi. Ndani ya vile vidonge hakukuwa na dawa hata chembe. Unga na rangi, basi.

Ndipo nikaenda dukani kwa Resti, mchana kweupe, wateja wakiwepo. Niliweka nakala ya majibu kwenye kaunta. Aliisoma.

“Nata, mimi ni muuzaji tu,” alinong'ona. “Naletewa. Ningejuaje?”

“Mama yako anatumia dawa gani, Resti?”

Alinitazama, kisha akatazama mlango uliokuwa umejaa watu. Akaanza kulia, akanishika mkono akisema tuyamalize wenyewe, sisi ni ndugu, nimfikirie Neema aliyemshika ubatizo. Nikautoa mkono wangu taratibu. Nilimwambia kwamba Neema ndiye aliyeniona nimekufa. Kutoka pale nikaenda polisi.

Mnadhani watu walinipongeza? Walinishutumu! Wajomba wa Resti walikuja nyumbani na ujumbe wa amani. Walisema kesi inavunja undugu, wakaahidi ng'ombe wa fidia na mbuzi wa kupatana. Walisema mwanamke mgonjwa kama mimi atahitaji watu kesho. Hata Paskali aliyumba. Aliniita pembeni akasema mshahara wangu haupo tena, tupokee tu maisha yaendelee. Sikumlaumu, alikuwa amechoka. Lakini nilimwambia akipokea, nitaondoka na watoto, na kesi nitaiendesha nikiwa Oldeani kwa wazazi wangu.

Wale wajomba wakiwa bado wamekaa kwangu, alibisha hodi mzee mmoja wa Kimaasai, shuka yake imejaa vumbi la njia. Alijitambulisha kuwa anaitwa Lemayani, ametoka Nainokanoka. Alikuwa amesikia kwamba kuna mama Karatu aliyeuziwa dawa za uongo. Akatoa boksi tupu kutoka kwenye mfuko wa nailoni, lenye kijikaratasi kilekile cha fedha. Zilikuwa dawa za presha za mke wake. Mwanawe alizinunua kwa Resti kwa sababu kutoka kule juu kuja hospitali ni mbali na magari ni ya shida. Mke wake alizimeza kila siku bila kukosa. Asubuhi moja alikwenda kukamua ng'ombe, akaangukia palepale zizini. Hakuamka tena.

Mzee aliwatazama wajomba mmoja mmoja, kisha akanigeukia.

“Yeyo,” aliniita, kama wanavyomwita mama kwao, “hawa wakikupa mbuzi, usipokee. Mimi nina mbuzi wengi. Hakuna hata mmoja anayezungumza na mimi jioni.”

Paskali alisimama, akafungua mlango, akawaomba wajomba waende. Tangu siku hiyo hakunishawishi tena.

Mahakamani tulikwenda mimi na mzee Lemayani. Wakili wa Resti alijaribu kunidhalilisha, akauliza kama mtu mwenye kifafa anaweza kukumbuka mambo sawasawa. Nilimjibu kwamba kifafa hunichukua kwa dakika chache tu, zilizobaki zote nipo macho, na rafiki yangu aliniibia nikiwa macho. Resti alipatikana na hatia, akafungwa. Lile duka la mtandaoni lilitoweka siku maboksi yalipokamatwa, na wenyewe hawajulikani mpaka leo. Hilo bado linanikera, na sijifanyi kwamba halinikeri.

Watu huniuliza kama nimemsamehe. Nikiwa tayari nitasamehe, na hilo ni kati yangu na Mungu. Lakini kesi sikuifuta na nisingeifuta!

Leo nina mgahawa wangu mdogo hapa mjini. Nakaanga maandazi tena, na msaidizi wangu anajua la kufanya nikianguka, ingawa sijaanguka tena tangu nirudie dawa halisi. Kovu silifuniki. Mteja asiyependa kuliona, migahawa iko mingi Karatu.

Na dawa je? Hapa ndipo ninapotaka mnisikie vizuri. Yule mfamasia alinitafutia dawa yenye nguvu ileile, iliyotengenezwa na kiwanda kingine, imesajiliwa, na bei yake naimudu. Ilikuwepo siku zote! Hakuna aliyeniambia, nami sikuuliza, kwa sababu sikuwahi kuambiwa kwamba nina haki ya kuuliza.

Kwa hiyo ndugu yangu unayesoma, siwezi kukuambia uache kutafuta nafuu. Itafute! Lakini anzia kwa daktari na mfamasia, waulize kama ipo ya bei ya chini yenye kazi ileile. Kama unanunua kwenye simu, nataka ujue duka hilo liko wapi, lina kibali cha nani, na mfamasia wake ni nani. Wasiokuuliza cheti cha daktari wakimbie, hata kama walikubeba mgongoni utotoni. Boksi likifika, lipeleke likaangaliwe kabla hujameza kitu. Na mwili ukikuambia kuna tatizo, usimsikilize muuzaji, rudi hospitali.

Watakuona msumbufu. Watakunja uso dirishani, watasema huyu mama naye maswali hayamwishi. Waache. Uliza mpaka wakuchoke.

Wakuchoke ukiwa hai.