Malisho ya Marta Yapumzika

Kila asubuhi Marta alikamua ng'ombe wake, akanywa uji peke yake, kisha akawatoa kwenda malishoni. Nyumba yake ilikuwa juu mlimani, mbali kupita Uyole, penye baridi na ukungu. Mumewe, Saulo, alikuwa amefariki. Hawakujaliwa mtoto. Siku nyingine jua lilitua Marta hajasema na mtu. Upweke ule ulimuuma kuliko baridi.

Mwaka ule ng'ombe walikonda mpaka mbavu zikaonekana. Maziwa nayo yakapungua. Shemeji yake, Jailos, akapanda kutoka Chimala kuwatazama.

"Shemeji, ng'ombe wa marehemu kaka wanakufa njaa," alisema. "Mvua zikikolea nitarudi. Nikiwakuta hivihivi, nawashusha Chimala."

"Na mimi nibaki na nani?"

Jailos alitazama chini. Hakuwa mtu mbaya, ila aliaga akashuka bila kubadili neno lake.

Marta alijua dawa moja tu: moto. Kila kiangazi alichoma majani makavu. Machipukizi yakitokeza tu, ng'ombe wameshafika. Hata Saulo alifanya hivyo. Basi akatoka na kijinga cha moto mkononi.

"Mama, ngoja kwanza!" mtu aliita.

Alikuwa Crispin, bwana mifugo mgeni, Mhehe wa Iringa. Alikuwa akichora ramani ya malisho ya milimani.

"Nisipochoma watakula nini, mwanangu?" Marta aliuliza.

"Machipukizi ni matamu, mama, sikatai. Lakini yanaota kwa nguvu ya mizizi. Yakiliwa kila mara kabla hayajakua, mizizi inachoka na majani yanakufa. Tazama hapa, udongo uko wazi. Mvua ikija, wote unakwenda mtoni."

"Mbona zamani hayakuisha?"

"Zamani watu walihamahama na ng'ombe. Majani yalipumzika. Sasa mnalisha mahali pamoja mwaka mzima."

Marta alizima kijinga kwa mguu. Crispin akamwomba amtembeze, amtajie jina la kila mahali.

"Hapa ni Chemchemini. Pale ni Mgongo wa Fahali."

"Na bonde hili zuri?"

Marta alisimama. Majina yote aliyatoa Saulo, na tangu mazishi hakuwa ameyatamka mpaka siku ile.

"Aliliita Bonde la Marta," alisema mwishowe, akalia.

"Pole, mama," Crispin alisema. Hakuandika mpaka Marta alipomaliza kulia.

Kisha akaigawa ramani sehemu tatu. Ng'ombe wale sehemu moja tu, nyingine mbili zipumzike. Wakazungushia miiba kipande kidogo kisichoingiwa na ng'ombe kabisa.

"Kila mwezi linganisha majani ya ndani na ya nje," Crispin alieleza. "Hapo utajua kama malisho yanapona. Na wanapolisha, majani yakibaki urefu wa kifundo cha mguu, wahamishe. Usingoje yaishe."

"Ndaga, asante, mwanangu."

Kazi haikuwa rahisi. Ng'ombe walitazama majani mabichi ng'ambo, wakalia, na Marta akawazuia huku moyo ukimuuma. Hakuwa na wa kumpokea zamu. Crispin mwenyewe alikuwa amehamishiwa Iringa. Lakini mvua zilipokolea, sehemu zilizopumzika zilishika udongo, majani yakasimama karibu sawa na yale ya ndani ya miiba.

Jailos akarudi na kamba begani. Aliwakuta ng'ombe wamenawiri, manyoya yanang'aa. Akapita malishoni, akayagusa majani.

"Umefanyaje, shemeji?"

Marta akamweleza yote, akamwonyesha mipaka kwa kidole.

"Basi wabaki," Jailos alisema. "Na mimi nitajaribu kule chini."

Akashuka mlima na kamba yake tupu. Marta alisimama akimtazama mpaka ukungu ukammeza. Alifurahi, na alitamani shemeji yake angekaa hata siku moja zaidi. Kisha akageuka kuwahamisha ng'ombe, maana pale walipokuwa, majani yalikuwa yameliwa hadi kifundoni.